Namna 505 Ilivyoilipia Injini 504 ya Marehemu Baba



Kila nikihudhuria shughuli, iwe harusi ama hitima, sikosi kuulizwa swali moja: "Ile Pijo ya marehemu mzee wenu imefufuka. Fedha za injini zilitoka wapi?" Wako wanaouliza kwa furaha, na wako, nawajua, wanaouliza kwa jicho la pembeni, kwa kuwa yalipita maneno kwamba tumekula mirathi ya watu, au kwamba tumechota katika upatu wa kina mama. Daftari la hesabu lilikuwa mikononi mwangu tangu siku ya kwanza hata ya mwisho. Basi nimeona afadhali niiandike habari yote hapa, kila mtu aisome nyumbani kwake na miwani yake, kuliko kuirudia kwenye kila shughuli huku pilau inapoa.

Kwa vijana wetu waliozaliwa huku, yafaa nieleze kwanza motokaa yenyewe. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Lakini sisi watu wa Mombasa hatukuipenda kwa sababu ya tuzo za Ulaya. Tuliipenda kwa kuwa barabara zetu zilikuwa zimekwisha kumjaribu nduguye mkubwa, 404, aliyeshinda mashindano ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha 504 nayo ikashinda mwaka 1975, dereva akiwa Ove Andersson, na mara nyingine mwaka 1978. Baadaye zikawa zinaunganishwa Mombasa kwetu. Babangu alikuwa dereva wa kampuni ya mizigo, na 504 ya kampuni ndiyo aliyoiendesha baina ya Mombasa na Malindi, enzi zile ambapo Kilifi huvukwa kwa feri, kwani daraja halikufunguliwa mpaka mwaka 1991. Akisema kwamba motokaa nyingine hushuka ferini zikikohoa, ila yake hushuka ikiimba. Marehemu hakuwa bahili wa chumvi, lakini hapo sidhani kama alizidisha sana.

Alihamia Hayes mwaka 1976, akapata kazi ya kupakia mizigo ya ndege pale Heathrow, na mwaka 1984 akanunua 504 yake mwenyewe: saluni ya rangi ya samawati, ya mwaka 1978, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1971. Wengi wenu mmeipanda. Iliwachukua maharusi watatu wa ukoo huu. Ilikwenda Southall kila Jumamosi kununua samaki na mihogo, na usiku wa manane iliwapeleka wagonjwa hospitali hata wasiokuwa jamaa. Mwaka 2011 maji yalipenya ndani ya injini yakachanganyika na oili, oili ikawa nyeupe kama chai ya maziwa, na Baba akaizima kabla haijajivunja. Aliisukuma mpaka garaji ya nyuma ya nyumba, akaifunika turubai. Hakuitengeneza wala hakuiuza. Kila Jumamosi akiingia mle ndani na pampu ya mkono kutia magurudumu upepo, na miaka saba ikapita hivyo, hadi alipofariki mwaka 2018.

Vitu vyake vingine tulivigawa katika miezi michache, kwani havikuwa vingi. Ilibaki motokaa. Hesabu ya mirathi yetu ilikuja vizuri ajabu: Mama thumuni moja, kaka zetu wawili thumuni mbili kila mmoja, na sisi mabinti watatu thumuni moja kila mmoja. Jumla thumuni nane, wala halikubaki chembe. Lakini motokaa haikatiki vipande vinane.

Mwishoni mwa mwaka 2021 akaja mtu kutoka Essex, mpenzi wa magari ya kale, akatoa pauni 1,600 kwa 504 kama ilivyo, na injini yake iliyokufa. Kwa bei hiyo thumuni ni pauni 200. Kaka mkubwa alitaka tuuze, na napenda ieleweke kwamba hakuwa na tamaa. Alisema, na ni kweli, kwamba mali ya maiti haifai kukaa miaka mitatu chini ya turubai huku wenye haki wakingoja. Dada yetu aliyeko Muscat naye alikuwa ana haja na pauni zake 200. Mama hakusema kitu. Alikwenda garaji peke yake, akarudi, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Ndipo mdogo wetu wa kiume, ambaye ndiye fundi, aliposema tumpe mwaka mmoja. Tukakaa Januari 2022 tukaandikiana karatasi, na sote sita tukatia sahihi, wa Muscat akituma yake kwa simu. Thamani ya gari ni pauni 1,600, haipandi wala haishuki. Mpaka tarehe 31 Desemba gari liwe linakwenda, lisipokwenda, linauzwa. Atakayetaka fungu lake baada ya hapo atalipwa kwa thamani hiyo hiyo. Na katika mirathi haitatoka hata senti moja ya matengenezo. Sharti hili la mwisho ndilo Kaka mkubwa alilolishikilia kwa meno, na ndilo lililotufanya tuingie katika biashara ya kuchinja gari.

Kwa nini kuchinja? Karakana moja ilitwambia pauni 2,900 kuifufua injini ile ya zamani, kwa kuwa bloku lenyewe lilikuwa limelika kwa kutu pale laina zinapokaa. Fedha hizo hatukuwa nazo. Lakini Peugeot 505, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979 kumrithi 504, chini ya bodi lake jipya ilibeba vyombo vingi vya ukoo ule ule, na 505 nyingi zilikuwa na injini hii hii ya 1971. Rai ya mdogo wangu ilikuwa hivi: tutafute 505 iliyooza bodi lakini injini nzima, tuinunue, tutoe injini tuitie kwa Baba, na kila kilichobaki tukiuze kipande kipande mpaka 505 imelipa bei yake yenyewe, na gasketi, na oili, na kila kitu. Gari moja life ili jingine liishi, wala mtu asitoe mfukoni.

Ila mwanzo hakuna gari lijilipialo. Fedha za mwanzo lazima zitoke kwa mtu, na hapa ndipo maneno ya upatu yalipoanzia, basi nayaweka wazi. Upatu wetu ni wa wanawake kumi, pauni 100 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa Februari. Nilipokea pauni 1,000 kwa haki yangu, mbele ya wenzangu tisa. Fedha hizo nilikuwa nimeziahidi kwa tiketi ya Mama kwenda Mombasa mwezi wa Desemba, pamoja na zawadi za kubeba. Mama alikuwa na miaka minane hajamwona dada yake, na dada yake ana umri wa miaka tisini. Nilizitia katika gari kama karadha, nikaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari: "Zirudi kamili kabla ya mwisho wa Septemba." Mama alijua. Nilimuuliza kwanza, naye akanijibu, "Kama ni gari la babako, nitangoja nalo." Kwa hiyo wale waliodhani tulikuwa tunacheza na vyuma, wajue kilichokuwa mizanini ni safari ya mtu mzima kumwaga dada yake.

505 tuliipata karibu na Leicester. Ya mwaka 1984, rangi ya mchanga, gia tano, sakafu imeoza hata unaona majani. Mwenyewe mzee wa Kiingereza, na gari lilikuwa la mkewe marehemu. Tulimlipa pauni 600. Alimuuliza mdogo wangu kama tutalitengeneza. Mdogo wangu hakumdanganya. Alimwambia tutalichinja ili jingine la baba yetu litembee. Mzee yule alikaa kimya kitambo, kisha akaomba afungue kirungu cha mkono wa gia abaki nacho, akakitia mfukoni. Kulileta Hayes kwa lori tulilipa pauni 180. Kufikia hapo pauni 780 zilikuwa zimekwenda na hatujauza hata skrubu.

Sheria ya nchi hii juu ya jambo hili si ngumu, ila haitaki uzembe. Gari lisilolipiwa kodi ya barabara lazima litolewe tamko la SORN na likae mahali pasipo barabara ya umma. Letu lilikaa katika uwanja wetu mbele ya nyumba. Unaweza kutoa spea unazozitaka, lakini mabaki hapana budi yaishie kwenye kiwanja kilichoidhinishwa, nacho ndicho kitoacho hati ya kwamba gari limeangamizwa. Na ukikipelekea gari lisilo na injini, gia, bodi au magurudumu, kinaweza kukutoza ada badala ya kukulipa. Tena tangu sheria ya mwaka 2013 mnunuzi wa chuma chakavu haruhusiwi kulipa fedha taslimu, lazima zipite benki. Haya nimeyataja kwa ajili ya wale wanaofikiri kufuata nyayo zetu. Jirani yako atavumilia gari lililopandishwa juu ya magogo kwa wiki chache. Baada ya hapo ni heri uwe na karatasi zako mkononi, na sambusa.

Sasa nije kwenye uuzaji, maana ndipo nilipojifunza mengi. Nilidhani, kama mtu yeyote angedhani, kwamba vitu vikubwa ndivyo vyenye fedha: milango, boneti, difu. Kumbe sivyo. Chuma kikubwa cha Peugeot hakivunjiki, basi nani anakihitaji? Halafu 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria hadi miaka ya 2000, kwa hiyo vyombo vya ndani ya injini bado vinatengenezwa na kupatikana. Kinachokosekana ni plastiki. Taa za nyuma za 505, vishikizo vya milango, vifuniko, saa ya dashibodi, swichi za vioo, vyote hivi jua limevikausha dunia nzima, vinakatika, wala hakuna kiwanda kinachovitengeneza tena. Mwenye 505 moja nzuri anaweza kusubiri miaka miwili kwa ajili ya kibati cha kutilia jivu la sigara, hali havuti.

Vidogo hivi nilivitoa mimi mwenyewe kwa bisibisi, jikoni nikaviosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikavipiga picha juu ya kitambaa cheupe. Mauzo yalikuwa 38, pauni 5 hapa, pauni 12 pale, na kwa jumla viliingiza pauni 312. Hakuna kipande kimoja cha chuma kilichofikia hapo. Mdogo wangu alikuwa akicheka akiniona nasugua vitasa, mpaka nilipomwonyesha jumla.

Tulikuwa na mwalimu. Mtaa wa pili anakaa mzee wa Kipunjabi, mzaliwa wa Nakuru, aliyekuwa fundi wa bodi, na Kiswahili chake ni cha garaji safi. Siku moja nilikuwa karibu kuziuza taa za mbele kwa Mfaransa aliyetaka kulipa pauni 160. Mzee akazitazama, akasema, "Binti yangu, hizi taa macho yake yanatazama kushoto. Kule wanaendesha kulia. Atazifunga, zitampiga usoni kila anayekuja mbele yake, na atakurudishia." Basi tangu siku ile niligawa soko mafungu mawili. Taa za mbele na raki ya usukani ni za nchi zinazoendesha kushoto: Uingereza yenyewe, Ireland, Kenya, Australia. Taa za nyuma, viti na plastiki zinaweza kwenda popote. Taa za mbele zilikwenda Scotland kwa pauni 140, na Mfaransa yule yule akachukua za nyuma kwa 110, akaridhika. Vifurushi vya Ufaransa tangu mwaka 2021 vinataka tamko la forodha, nami nikawa stadi wa fomu zile hata watu wa dirisha la posta wakinisalimu kwa jina.

Stata na alteneta zilikwenda nyumbani. Fundi mmoja wa Changamwe alizitaka, binamu yetu alikuwa anasafiri, akazibeba begini, na pauni 70 zikaja kwa simu kabla yeye mwenyewe hajarudi. Hiyo ilimfurahisha Mama kuliko yote.

Huku mimi nikiuza, mdogo wangu alikuwa na injini. Winchi tuliikodi kwa pauni 40. Injini hii, kwa wasioijua, ina bloku la chuma na silinda hedi ya aluminiamu, na pistoni hazipiti katika bloku bali katika laina zilizosimama ndani ya maji. Ukifungua hedi ukaigeuza injini hivi hivi, laina huinuka kidogo, mpira wa chini huachia, na maji huingia katika oili: maradhi yale yale yaliyoua ile ya kwanza. Basi kabla ya kugeuza chochote alizifunga laina kwa bolti na washa pana, moja moja, kisha akapima kwa geji namna kila laina inavyojitokeza juu ya bloku. Hapo hapendi kuzungumzishwa. Hedi ilipelekwa kusawazishwa kwa pauni 85. Gasketi, sili, pampu ya maji na klachi mpya vilichukua pauni 310.

Ikafika Julai. Nikafunga daftari usiku mmoja nikaona kisandukuni ziko pauni 470. Zilikuwa zimetoka 1,245 na zimeingia 715. Bado rejeta na oili, kama pauni 135. Nikapiga hesabu ya vyote vilivyobaki uwanjani, milango, boneti, difu, raki ya usukani, vidogo na gamba lenyewe, nikaona kwamba hata vikiuzwa vyote kwa bei nzuri sitafika elfu ya Mama. Nitapungukiwa pauni 153. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichoweza kujaza pengo hilo, nacho ni ile giaboksi ya gia tano.

Na giaboksi ile mdogo wangu alikuwa ameiweka kando, ameisafisha hata inang'aa, ameifunika shuka. 504 yetu ina gia nne. "Dada," akaniambia, "hii ndiyo itakayoipumzisha injini katika barabara kubwa. Nimeshinda Jumamosi zote hizi, sijadai hata nauli. Hii ndiyo ujira wangu." Sikuwa na jawabu, kwa sababu alikuwa na haki. Daftari langu halikuwa na safu ya mikono ya mtu. Jumamosi 31 alizofanya kazi mpaka mwisho, lau tungezilipa kama karakana inavyolipwa, hesabu yote ingepinduka, na yeyote atakayewaambia kwamba gari hujilipia lenyewe mwulizeni kwanza nani alishika spana.

Maneno yalikaa wiki nzima ndani ya nyumba. Kaka mkubwa aliyasikia akaja Jumapili. Nilidhani atasema, sikuwaambieni? Hakusema. Aliomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza mambo mawili matatu, akasema hesabu ni safi. Kisha akamwambia mdogo wetu kwamba yeye atampatia wateja wa milango, na kwamba giaboksi ni mali yake aamue mwenyewe. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akasema bila kuinua uso, "Marehemu alikwenda nayo mpaka Scotland kwa gia nne." Mdogo wangu akacheka. Siku ya tatu akaitangaza giaboksi, na mtu akaja kutoka Wales na gari la mizigo akaichukua kwa pauni 260. Alikuwa na 504 kama yetu, akasema amengoja miaka mitano. Mdogo wangu alimsaidia kuipakia, akamfundisha namna ya kuitia, wala hakutaja tena habari yake.

Tangu hapo mambo yalikwenda upesi. Kaka mkubwa alitimiza, milango mitatu ikauzwa kwa pauni 120. Boneti 70, difu 90, raki ya usukani 60. Viti na vipimo vya dashibodi vilikuwa vimekwisha kuuzwa mapema, 120 na 75. Tarehe 24 Septemba nilihesabu pauni 1,000 mezani mbele ya Mama, na jioni ile ile tukanunua tiketi. Mwezi wa Oktoba lori likachukua gamba la 505. Walitulipa pauni 60 kwa uzito, kupitia benki, na hati ya kuangamizwa ikaja. Nilitazama mahali lilipokuwa limekaa, nikaona alama nne katika saruji na bolti moja.

Injini ilipigwa Jumamosi ya pili ya Novemba. Ilikataa mara tatu, plagi zikakaushwa, ikawaka mara ya nne, na moshi mweupe ukatoka mpaka kwa jirani. Mdogo wangu alitazama kijiti cha oili baada ya saa nzima, akakifuta kwa kidole, akanionyesha: oili rangi ya asali, hakuna maziwa.

Zilibaki karatasi. Nambari mpya ya injini iliandikishwa DVLA, Swansea, pamoja na risiti ya 505. Idadi ya silinda ni ile ile na ukubwa ni ule ule, kwa hiyo motokaa haihesabiwi kuwa imegeuzwa asili yake, na imebaki katika daraja la magari ya kihistoria yaliyopita miaka arobaini, yasiyolipa kodi ya barabara. Bima waliambiwa. Ukaguzi wa MOT magari ya daraja hilo hayalazimiki, lakini mdogo wangu aliipeleka kwa hiari, ikapita. Petroli tunatia ile ya E5, si E10 iliyowekwa kuwa ya kawaida tangu Septemba 2021, kwani mipira ya zamani haipatani nayo. Na ilipofika tarehe 29 Agosti 2023, ada ya hewa chafu ya pauni 12.50 kwa siku ilipoenezwa mpaka Hillingdon yetu, gari la dizeli la mwanangu, la mwaka 2012, likawa la kulipa, na la babu yake la mwaka 1978 likawa linapita bure. Mwanangu haoni kuwa ni jambo la kuchekesha.

Mama aliondoka Desemba, wiki mbili kabla ya ule muda tulioandikiana kwisha. Tulimpeleka Heathrow kwa 504, Kaka mkubwa akiendesha, mdogo wangu kando yake akisikiliza injini badala ya kusikiliza mazungumzo. Ni mwendo mfupi. Tulipoingia njia ya uwanja Mama alisema, "Hapa ndipo alipokuwa akinishusha nikimletea chakula." Kushusha abiria mlangoni siku hizo kulikuwa pauni 5, na Kaka mkubwa alizilipa yeye, akaniambia nisiziandike katika daftari. Dada yake Mama alimkuta hai, akakaa naye miezi miwili.

Ama kuhusu mafungu, hili nalo lisemwe. Jumla iliyotoka ni pauni 1,380 na iliyoingia ni 1,487, kwa hiyo baada ya kurudisha karadha zilibaki 107. Mwezi wa Machi 2023 dada yetu wa Muscat aliomba fungu lake. Hapo Kaka mkubwa akauliza swali ambalo wengi wangeuliza: bima sasa wameikubali motokaa kwa pauni 5,000, je, thumuni si 625? Tulimwendea mjomba. Akasoma karatasi, akauliza kama kuna aliyelazimishwa kutia sahihi. Akasema bei iliwekwa siku ambayo hakuna aliyejua kama injini itawaka, na kila mmoja siku ile alikuwa huru kushika spana. Dada wa Muscat mwenyewe alisema kwa simu kwamba yeye aliuza thumuni ya gari bovu. Alilipwa pauni 200: zile 107, na 93 nilizoziongeza mimi, ndiyo maana nina thumuni moja na kitu. Kaka mkubwa, ambaye alikuwa wa kwanza kutaka kuuza, mafungu yake mawili hajayataka. Anaichukua motokaa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na anairudisha imeoshwa.

Bado viko vitu vya 505 katika kibanda chetu, navyo havimo katika hesabu hii: mlango wa nyuma wa kushoto, madigadi mawili ya mbele yenye kutu kidogo, na kioo cha mbele kizima. Ikiwa yuko katika jamaa zetu, hapa au Mombasa au popote, anayemjua mwenye 505, na aniambie; bei tutasikizana, na nyumba mnaijua. Kioo hakiendi kwa posta. Atakayekitaka aje mwenyewe, na aje na blanketi.